Anashinda medali lakini anakwepa mazoezi

Mama, umeuliza kama umwahidi binti yako wa miaka 14 zawadi kila akishinda, maana siku hizi anakwepa mazoezi ya kuogelea. Ningekuwa wewe ningesita. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwalipa wanafunzi wa chuo kutatua chemshabongo. Malipo yalipokoma, hamu yao ilishuka kuliko ya wenzao wasiolipwa. Baadaye yeye na mwanasaikolojia mwenzake Richard Ryan walieleza mahitaji matatu ya nafsi yanayokuza hamu ya ndani: kujiamulia, kujiona unaweza, na kuwa na watu wanaokujali.

Kwa binti yako naanza na hilo la kwanza. Saa ya kuamka, mtindo wa kuogelea, mashindano: nani huamua? Kama ni wewe na kocha tu, hapo ndipo pa kuanzia. Mwache achague hata kitu kimoja, na kocha amweleze sababu ya zoezi gumu badala ya kufoka. Muulize pia kuhusu wenzake. Huenda rafiki yake ameacha, nawe hujui. Kuhusu uwezo, msifie alichokiboresha, hata akimaliza wa sita.

Na mkiwa njiani kurudi nyumbani, usichambue mashindano. Asipoyataja mwenyewe, ongeeni mengine.