Ripoti ya uboho inasema t(9;22): maana yake nini?

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana saratani ya damu. Ripoti ya uboho imeandikwa 46,XY,t(9;22)(q34;q11), naye amepewa vidonge vya imatinib. Jirani yake wodini ana saratani ya damu pia, ila yake ni t(15;17) na dawa zake ni nyingine kabisa. Kwa nini? Na watoto wa kaka wapimwe?

Jibu: Marahaba. Nianze na watoto, maana najua ndilo linalowanyima usingizi: hawahitaji kupimwa. Hitilafu hii hairithiwi. Ilizuka katika seli moja ya uboho wa kaka yako, ikabaki kwa seli zilizotokana na hiyo tu. Haimo katika mbegu zake za uzazi.

Sasa ripoti. 46 ni idadi ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, na iko sawa. XY ni mwanamume. Q ni mkono mrefu wa kromosomu. Herufi t inasema kromosomu 9 na 22 zimebadilishana vipande. Ile 22 iliyofupika ndiyo "kromosomu ya Philadelphia", waliyoiona watafiti Nowell na Hungerford katika mji huo mwaka 1960. Ilidhaniwa kipande kimepotea, hadi Janet Rowley wa Chicago alipoonyesha mwaka 1973 kwamba kimehama. Pale vilipoungana, jeni za BCR na ABL1 zimekuwa moja, nayo hutoa protini inayoamuru seli zigawanyike bila kukoma. Imatinib huziba mahali protini hiyo inapopatia nguvu.

Jirani ana lukemia (saratani ya damu) ya promielositi, aina ya seli changa za damu. Kwake zimeungana jeni za PML na RARA, na seli changa zimekwama, hazikomai. Dawa yake ni ATRA, ya jamii ya vitamini A, mara nyingi pamoja na aseniki (ndiyo, sumu ile ile, kwa kipimo cha daktari). Ugonjwa huu humwaga damu vibaya, hivyo ATRA huanzwa kwa kushuku tu, kabla majibu hayajatoka. Imatinib isingemfaa.

Ila t(9;22) hupatikana pia katika lukemia kali ya limfoblasti, ambayo vidonge peke yake haviitoshi. Soma jina kamili la ugonjwa. Kama ni lukemia sugu ya mieloidi, ulizieni PCR ya BCR-ABL1 (kipimo cha damu kinachopima kiasi cha jeni hiyo iliyoungana) kila miezi 3. Ndiyo itakayoonyesha kama dawa inafanya kazi. Na kaka asiache vidonge eti kwa sababu bandama imenywea na nguvu zimerudi.