Maji Yatoke, Asali Iingie: Maswali Yenu kuhusu Tumbaku ya Shisha ya Kutengeneza Nyumbani

Barua za safari hii zote zinahusu tumbaku ya shisha ya kujitengenezea: jani, asali, gliserini na arki (kimiminika cha kutia ladha na harufu). Tumechagua sita. Katika kadhaa kati yake, hata pale mwandishi anapolalamikia moshi, kiini cha tatizo ni maji. Ama yalibaki kwenye jani, ama yaliingizwa bila mtu kutambua.

Tunawajibu watu wazima ambao tayari wanavuta, na ambao sheria za walipo zinawaruhusu. Kuna nchi zilizopiga marufuku shisha kabisa. Tena tuseme wazi mapema: hakuna namna ya kupika inayoiondolea tumbaku madhara yake. Kikao cha saa moja cha shisha kinaweza kumpitishia mvutaji kama lita 90 za moshi, wakati sigara moja ni kama nusu lita. Maji ya kwenye chupa huupoza moshi, hayausafishi.

Ndugu mhariri, nataka kuanza na kiasi kidogo nisije nikaharibu vitu. Naomba vipimo kamili na mpangilio wa kazi.

Chukua gramu 130 za jani kavu. Ng'oa uti wa katikati wote, maana uti haunywi asali na ukiungua unakwaruza koo. Utabakiwa na kama gramu 100 za jani tupu. Jani la Virginia lina sukari yake ya asili na ni jepesi, ndilo tunalomshauri anayeanza. Burley hufyonza vizuri sana, lakini lina sukari kidogo na kwa kawaida ni kali zaidi.

Vaa glavu. Nikotini hupita kwenye ngozi, hasa jani likiwa limelowa, na mtu anaweza kupata kichefuchefu na kizunguzungu bila kuvuta hata mara moja.

Katakata jani vipande vya upana wa milimita 3 hivi. Yakiwa unga yatashikamana kama ugali na hewa haitapita. Yakiwa makubwa, nje yataungua huku ndani bado mabichi. Yaloweke kwenye lita 2 za maji ya moto ambayo hayachemki kwa dakika 30, chuja, kisha rudia mara moja kwa maji mapya. Maji ya kwanza yatatoka meusi kama chai iliyokolea, ya pili yatakuwa ya hudhurungi hafifu. Kamua kwa nguvu ndani ya kitambaa.

Sasa fika kwenye mizani, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Gramu zako 100 zikishakamuliwa zitakuwa zimefika 250 au hata 300. Hizo zilizozidi ni maji matupu. Tandaza jani kwenye sinia, lipepee kivulini, ulipime kila baada ya muda hadi lishuke gramu 130 hadi 140. Kwa mkono utalijua hivi: linakunjika bila kuvunjika, na ukilibana kwa karatasi ya jikoni, karatasi haibaki na doa. Lisikauke likawa la kuvunjikavunjika; jani lililokauka kabisa hukataa kufunguka tena na asali hubaki juu juu.

Pasha gramu 200 za asali au shira mpaka iwe nyepesi ya kumiminika, isichemke. Ichanganye na jani kwenye chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu. Funika na uweke kwenye oveni ya nyuzi 90 kwa saa 2, ukigeuza kila nusu saa. Asiye na oveni aweke chombo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, muda uleule, huku mfuniko ukizuia mvuke usiingie ndani. Fungua madirisha, na vyombo hivi visirudi tena kwenye chakula. Acha usiku kucha.

Siku ya pili, tia gramu 100 za gliserini, koroga, acha tena siku nzima. Siku ya tatu, mchanganyiko ukiwa umepoa kabisa, tia gramu 20 za arki. Funga chombo kwa siku 5 hadi 7 mahali penye giza, ukikigeuza juu chini mara moja kwa siku. Utapata kama gramu 450, na kichwa kimoja cha shisha, yaani kibakuli cha juu kinachojazwa tumbaku, huchukua gramu 15 hadi 20.

Mfuatano huu tunausisitiza. Asali ni nzito, inahitaji joto na nafasi tupu ndani ya jani. Gliserini ni nyepesi kuingia. Ukiitanguliza inajaza nafasi, asali inabaki kuwa gundi ya nje, na gundi hiyo ndiyo inayoungua kwanza. Arki nayo ikikutana na joto harufu yake inaruka, ndiyo maana inakuja mwisho.

Salaam. Ya kwangu inatoa moshi kidogo sana, ingawa nimeongeza gliserini mara mbili. Je, gliserini yangu ni mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Wingu jeupe la shisha kwa sehemu kubwa ni matone madogo ya gliserini iliyopata joto, ikageuka mvuke, kisha ikapoa. Kama jani lina maji mengi, joto la mkaa linaanza kuyakausha hayo maji, na gliserini inasubiri zamu yake. Dalili ya kesi yako ni hii: dakika 15 za mwanzo moshi ni hafifu na unanusa mvuke wa moto, halafu ghafla unaanza kuja vizuri, na wakati huo ladha imeshapungua.

Usiongeze gliserini mara ya tatu. Tandaza mchanganyiko wote kwenye sinia kwa unene wa kidole kimoja, upepee kwa saa 2 au 3, kisha ujaribu kichwa kimoja. Gliserini ikizidi theluthi moja ya uzito wote, arki inazimika na moshi unakuwa mzito usio na ladha, na hilo ni gumu kurekebisha kuliko maji.

Kuhusu ubora, nunua gliserini ya mimea ya daraja la chakula au la dawa, kwenye chupa iliyofungwa kiwandani. Usikubali ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo. Gliserini imewahi kuchakachuliwa kwa diethilini glikoli, ambayo ni sumu inayoharibu figo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Wataalamu, nimetumia asali safi lakini baada ya wiki 3 imeganda chembechembe na tumbaku imekuwa ngumu. Je, ilikuwa na sukari ya kuchakachua?

La, kuganda si ushahidi wa udanganyifu. Asali ina glukosi na fruktosi, na ile yenye glukosi nyingi huganda upesi hata ikitoka kwenye mzinga leo. Weka chombo chako ndani ya maji ya uvuguvugu kwa saa moja, kitarudi. Lakini kama kinakusumbua kila mara, acha asali utumie shira.

Shira ya kawaida ya sukari na maji itaganda pia, tena vibaya zaidi. Inayofaa ni ile iliyovunjwa kwa asidi. Chemsha gramu 500 za sukari, mililita 250 za maji na kijiko kimoja kikubwa cha maji ya ndimu. Ikishaanza kuchemka punguza moto, usikoroge tena, iache dakika 20 hadi 25 mpaka kipimajoto kisome nyuzi 112 hadi 114. Ndimu huigawa sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauwezi kujipanga kuwa chembe kwa urahisi. Utapata kama gramu 600 za shira ya rangi ya dhahabu. Ikipita hapo na kuanza kuwa kahawia iliyokolea, imekwenda mbali, na uchungu wake utauvuta.

Molasi ya miwa nayo inafaa, ila ina ladha nzito ya kwake; tunapenda kuichanganya robo yake na robo tatu za shira. Jina lenyewe la Kiarabu la tumbaku hii, muassal, maana yake ni iliyotiwa asali, neno la mzizi mmoja na asali yetu. Lakini jina lisikufunge.

Naweza kutia maji ya embe au vipande vya nanasi badala ya arki za dukani, ili iwe ya asili?

Usitie. Juisi ni maji kwa sehemu kubwa, na umetoka kuyatoa. Sukari nyingi na gliserini huzuia kuvu kwa kuwa haziachi maji huru ya kuvu kuishi. Ukitia juisi umefungua mlango. Baada ya siku kadhaa utaona nyuzi nyeupe au madoa ya kijani kwenye kingo za chombo. Hapo tupa vyote. Usikwangue juu ukavuta ya chini, kwa sababu kuvu huwa imeshaenea kabla haijaonekana.

Juu ya arki za dukani pia kuna la kuangalia, na hili si la ladha tu. Zilizoyeyushwa kwenye maji, spiriti au propilini glikoli ndizo zinazochanganyika. Za mafuta ziache kabisa: mafuta yakiingia kwenye mapafu husababisha nimonia ya aina yake. Dondosha tone moja kwenye glasi ya maji masafi. Likitandaza utando unaong'aa juu, hayo ni mafuta. Epuka pia arki za siagi na karameli ambazo hazisemi kama zina diasetili. Kemikali hiyo haina neno tumboni lakini ikivutwa inahusishwa na ugonjwa wa mapafu usiopona.

Anza na asilimia 4 hadi 5 ya uzito wote. Mentholi inatosha gramu 2 kwa mchanganyiko wa gramu 450. Iyeyushe kwanza kwenye arki, la sivyo sehemu moja ya chombo itakuunguza kwa ubaridi na nyingine haitakuwa na kitu. Spiriti inashika moto, kwa hiyo arki yake isikaribie jiko.

Koo linawaka na ladha inakuwa chungu baada ya dakika 10 tu. Nimeosha jani mara 4!

Basi kosa haliko kwenye kuosha. Ukali wa jani lisilooshwa unauhisi tangu pumzi ya kwanza, haungoji dakika 10. Unachoelezea ni kuungua. Angalia kichwa cha shisha ukimaliza: juu kukiwa na ganda jeusi linalong'aa na chini jani bado lina rangi yake, umejaza hadi likagusa foili. Jaza kwa kudondosha, bila kushindilia, na uache nafasi ya milimita 2 chini ya foili. Mkaa uanze pembeni. Kama chini ya kichwa kuna dimbwi la shira, hiyo haikufyonzwa. Rudisha chombo kwenye joto la chini saa moja zaidi, au mimina kilichotulia.

Usilazimishe kuvuta tumbaku iliyoungua kwa sababu tu haijaisha. Gliserini ikipata joto kupita kiasi hutoa akrolini, na ndiyo hiyo inayochoma macho na koo.

Umeandika pia kwamba mnavuta chumbani na kichwa kinauma. Hilo litenganishe na ladha. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu, na maji hayaizuii. Hata anayevuta mchanganyiko usio na tumbaku, wa majani ya chai au mabaki ya miwa, anaipata ileile. Kichwa kikiuma au kizunguzungu kikianza, toeni mkaa, tokeni nje nyote. Aliyezimia au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali bila kungoja.

Maji yale meusi ya kuoshea jani, naweza kunyunyizia mchicha na nyanya kuua wadudu?

Tunajua inafanyika, na wadudu wanakufa kweli, kwa sababu nikotini ni sumu kwao kama ilivyo kwa mtoto wako. Lakini mchicha unaliwa jani lenyewe, na jani hunyonya nikotini. Kusuuza hakuiondoi yote. Kwa nyanya na pilipili kuna tatizo la ziada: tumbaku inaweza kubeba virusi vya mozeiki, vinavyoshambulia mimea ya ukoo huohuo, na virusi hivyo ni sugu hata kwenye jani lililokaushwa.

Mwaga maji hayo msalani mara tu unapochuja, ukifuatisha maji mengi. Yasikae kwenye ndoo usiku kucha, wala kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika chache. Rangi yake inafanana mno na kinywaji. Ndoo iliyotumika iwekee alama na ibaki ya kazi hiyo tu.