Ikisogea, ingesogea au ingalisogea?

Swali: Assalamu alaikum, mwalimu. Mimi na mwenzangu twaandaa masomo ya soko la opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa) kwa vijana wa hapa Langoni, Lamu. Mfano wetu ni wa mtu aliyenunua opsheni, akauza hisa ili kukinga delta (idadi ya hisa ambazo opsheni zake huenda sawa nazo bei inaposogea), na sasa anakadiria faida ya siku moja. Gama yake, yaani kasi ya delta kubadilika, ni 100; theta, yaani thamani ya opsheni inayopotea kwa kupita muda, yamla shilingi 450 kwa siku. Mwenzangu ameandika: "Bei ingepanda kwa shilingi 4, tungalipata shilingi 800." Mimi nasema: "Bei ikipanda kwa shilingi 4, tutapata shilingi 800." Nani kapatia?

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Kwenye kiambishi umepatia wewe. Kwenye vitenzi, nyote wawili mna la kurekebisha.

Kiambishi -ki- hutaja sharti ambalo bado laweza kutimia. -Nge- ni ya jambo tunaloliwaza tu, aghalabu tukijua haliko. -Ngali- ni ya lililokwisha kupita bila kutokea. Mwenzako amezichanganya hizi mbili katika sentensi moja, na Kiswahili sanifu chataka zilingane pande zote. Wazee husema "ningalijua huja nyuma". Makadirio huandikwa asubuhi, soko halijafunguliwa, kwa hiyo -ki- ndiyo mahali pake.

Lakini "ikipanda" ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Gama ya 100 maana yake bei ikisogea shilingi 1, delta hubadilika kwa hisa 100. Faida ya aliyenunua opsheni na kukinga delta ni takriban nusu ya gama mara mraba wa msogeo: 0.5 × 100 × 16, ndiyo hizo 800. Kwa kuwa msogeo unapigwa mraba, bei ikishuka kwa shilingi 4 faida ni ile ile 800. Ukimwandikia kijana "ikipanda", ataamini kwamba kushuka ni hasara, na hapo atakuwa amekosa kiini cha somo zima. Andikeni "ikisogea". Kitenzi hiki hakina juu wala chini, na hesabu yenu haina pia.

"Tutapata 800" nayo haijakamilika. Theta ikitolewa, zinabaki 350. Basi semeni "tutabakiwa na".

Mkitaka kueleza kanuni badala ya makadirio ya siku fulani, acheni -ta- mtumie hu-: "Bei ikisogea kwa shilingi 3, faida ya gama na hasara ya theta huwa sawa." Nusu ya 100 mara 9 ni 450. Hiyo 3 haikuzuka hivi hivi: hisa ya shilingi 150 ambayo soko laikadiria volatiliti (kiwango cha bei kuyumba) ya asilimia 32 kwa mwaka, ukigawanya kwa 16 (karibu na kipeuo cha pili cha siku 252 za biashara), hupata asilimia 2 kwa siku, yaani shilingi 3.

Na -ngali- ya mwenzako msiitupe. Tuseme jioni imefika, bei imesogea shilingi 2 tu. Gama imeleta 200, theta imekula 450, hasara ni 250. Sasa ndipo ataandika, na ataandika sawasawa: "Bei ingalisogea kwa shilingi 4, tungalibakiwa na shilingi 350."