Kipimo cha amoniamu kizimbani: usiilaumu transista

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuga sato kwenye vizimba upande wa Luchelele, Mwanza. Nina kipimo kisicho na kioo, chenye vihisi viwili vya silikoni, yaani transista: kimoja cha pH (kiwango cha asidi majini), kingine cha amoniamu, na vyote vinatumia elektrodi moja ya rejea, ile ya kulinganishia. Cha pH kinaelewana na kipimo changu cha zamani cha kioo. Cha amoniamu kilianza vizuri, ila siku hizi alfajiri kinasoma juu na alasiri kinashuka, wakati dawa ya kupimia kwa rangi haionyeshi tofauti. Transista imeungua? Nirudi kwenye kioo?

JIBU: Marahaba. Sidhani kama imeungua. Ingeungua usingepata mabadiliko yanayofuata saa namna hiyo. Elektrodi ya rejea nayo tuiache, maana ingekuwa mbovu pH ingepotoka pia. Anayebaki ni utando unaofunika kihisi cha amoniamu.

Kihisi chako cha pH hakina utando wa plastiki. Ni transista iliyoondolewa chuma cha geti (sehemu inayodhibiti umeme wake), ubunifu wa Piet Bergveld wa Uholanzi mwaka 1970, na maji yanagusa moja kwa moja tabaka la oksidi au nitridi. Tabaka hilo lenyewe huhisi haidrojeni. Ili transista ihisi amoniamu, watengenezaji hulifunika kwa utando mwembamba, mara nyingi plastiki ya PVC yenye nonaktini, kemikali inayoikamata amoniamu.

Taabu ni kwamba PVC haishikamani vizuri na silikoni. Taratibu maji hupenya na kufanya ngozi nyembamba chini ya utando. Hewa ya kaboni dayoksaidi hupita kwenye PVC bila shida, inaingia humo na kuyafanya maji hayo yawe na asidi, na oksidi iliyo chini, ambayo haijaacha kuhisi pH, inasukuma usomaji juu. Alfajiri maji ya kizimbani yana kaboni dayoksaidi nyingi kwa sababu samaki na mwani wamepumua usiku kucha. Jua likiwaka mwani huila. Ndiyo maana kipimo chako kinafuata saa.

Hakikisha hivi: alfajiri chota maji ya kizimbani kwenye ndoo, pima, yapulizie hewa kwa pampu ndogo nusu saa, pima tena. Katika muda huo amoniamu haitapungua kwa kiasi cha maana. Usomaji ukishuka wazi, utando umeachia.

Kisha pima nguvu ya utando wenyewe. Tumbukiza kipimo kwenye myeyusho wa amoniamu, halafu kwenye mwingine wenye kiwango mara kumi zaidi. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi tofauti inatakiwa ikaribie milivolti 59. Ukipata 40, badilisha ncha yenye kihisi hicho, usihangaike kuisafisha. Jaribu pia kivulini na juani, kwa kuwa silikoni isiyofunikwa vizuri huhisi mwanga.

Hata utando mpya una udhaifu wake: nonaktini huichanganya potasiamu na amoniamu, takriban kwa uwiano wa moja kwa kumi. Tuchukulie maji yana potasiamu miligramu 4 kwa lita. Kipimo kitaongeza amoniamu ya uongo karibu miligramu 0.18 kwa lita. Kwa hiyo myeyusho wa kusawazishia kipimo uwe na potasiamu inayokaribiana na ya ziwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni saa yenyewe. Kinachoua samaki ni amonia, si amoniamu. Hizo ni sura mbili za kitu kimoja majini, na mgawanyo wake unategemea pH: kwa nyuzi 25, pH ikiwa 8 amonia ni kama asilimia 5 ya jumla ya zote mbili, ikifika 9 ni kama asilimia 36. Mwani ukichanua, pH hupanda alasiri, saa ileile kipimo chako kinapokutuliza. Mpaka ubadilishe ncha, tumia dawa ya rangi kupata jumla na kihisi chako cha pH kukokotoa sehemu ya amonia.

Kurudi kwenye kioo kwa ajili ya pH hakuna haja. Hicho ulichonacho hakivunjiki kwenye boti. Unaponunua ncha mpya ya amoniamu, muulize muuzaji kama kuna tabaka la jeli kati ya utando na silikoni, la kupunguza taabu hii. Asipojua, usinunue.