Asiyependa hadithi mpeleke kwenye namba

Dada, umeuliza kama Maktaba Kuu pale Bibi Titi Mohamed, Dar, ina chochote cha mtoto wa miaka 9 asiyetaka hadithi. Kipo, ila msiishie kwenye sungura na fisi za chumba cha watoto. Jengo lile lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na vitabu vya maarifa ni vingi kuliko watu wanavyodhani.

Mfundishe kusoma kikaratasi cha namba kwenye mgongo wa kitabu, maana vitabu hupangwa rafuni kwa namba na kila mada ina namba yake. Nyota na sayari ziko 520 na kitu, wanyama 590. Kuku na ng'ombe msiwatafute hapo, wako 636 pamoja na mambo ya kilimo. Mtoto akishashika mpangilio huo anazunguka rafu mwenyewe, wewe kaa tu. Akichukua kitabu cha watu wazima chenye michoro ya injini, mwachie, picha zinamtosha.

Ila angalieni mwaka wa kuchapwa. Kitabu cha kabla ya 2006 bado kitamwambia Pluto ni sayari ya 9. Mkikwama, mkutubi yupo, muulizeni.