Wiki moja ya jangwa na bahari Namibia: panga safari kwa saa za jua

Sisi wa Dar tunajua vizuri kwamba kilomita hudanganya. Anayetoka Mbagala saa 11 alfajiri na anayetoka saa 1 na nusu wote wanakwenda Posta, ila hawasafiri safari moja. Ukienda Namibia kukodi gari la kulala, nenda na akili hiyo hiyo. Foleni huko hutaiona. Nchi inakaribia ukubwa wa yetu, lakini sensa ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 hivi. Kinachokula muda wako ni barabara ya changarawe, na kinachofunga siku yako ni jua.

Mwezi Juni, jua la Windhoek huchomoza karibu saa 1 na nusu asubuhi na kuzama saa 12 na robo hivi jioni. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo mwili ulioletwa kutoka Dar utaamka gizani na kudhani umechelewa. Toa muda wa kunywa chai, kukunja vitanda, kujaza mafuta na kusimama kutazama, utabaki na saa chache sana za kuendesha. Sheria tuliyojiwekea ilikuwa kufika kambini kabla ya saa 10 jioni, hata kama ramani ilituonyesha kwamba tungeweza kusogea mbele zaidi. Magharibi ndiyo saa ya tandala na choroa kuvuka barabara, na tandala ni mnyama mkubwa anayeruka hadi kwenye kioo cha mbele. Isitoshe, mikataba mingi ya kukodi magari inakataza kuendesha usiku nje ya miji. Ukipata ajali giza limeingia, bima haikujui.

Kwa wiki moja, ushauri wangu ni huu: usiku mmoja Windhoek, miwili Sesriem jangwani, miwili Swakopmund pwani, mmoja Spitzkoppe kwenye miamba, kisha urudi Windhoek. Watu wataniuliza, na Etosha je? Iache. Ni hifadhi nzuri, lakini iko kaskazini na itakumeza siku mbili au tatu. Tembo na simba tunao Mikumi, umbali wa asubuhi moja kutoka Dar. Jangwa la mchanga linaloshuka hadi baharini hatuna, na ndilo la kufuata huko.

Sasa barabara. Wanaendesha kushoto kama sisi, na lami yao ni safi, lakini Windhoek hadi Sesriem ni zaidi ya kilomita 300 na sehemu kubwa ni changarawe. Changarawe inaonekana tulivu, imenyooka, haina mtu, mguu unajikuta umekandamiza mafuta. Hapo ndipo magari ya wageni yanapopindukia, mara nyingi bila kugongana na chochote: gurudumu la nyuma linateleza, dereva anashtuka, anakanyaga breki na kukata usukani kwa nguvu. Nakusihi ubaki kati ya 60 na 80 kwa saa. Gari likianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuung'ang'ania, liache lipungue lenyewe. Kabla ya kuacha lami, punguza upepo wa tairi kidogo kwa kiasi atakachokuambia aliyekukodisha, na uurudishe ukirudi kwenye lami. Mahali greda halijapita siku nyingi, barabara inakuwa na vimatuta kama bati la paa na kila kitu ndani ya gari kinalia. Funga makabati, na vikombe vya udongo viache nyumbani. Ukikutana na gari linalokuja na wingu la vumbi, washa taa na upunguze mwendo kabla vumbi halijakufikia, maana ukiwa ndani yake huoni kitu.

Omba matairi mawili ya spea. Usikubali moja. Na kabla hujaondoka uwanjani kwao, mwambie mhudumu akuonyeshe jeki ilipo, halafu uitumie wewe mwenyewe mbele yake. Mafuta jaza kila unapoona sheli, hata kama geji inasoma zaidi ya nusu. Kati ya Sesriem na Walvis Bay, mji wa pwani jirani na Swakopmund, kuna Solitaire, kituo kidogo chenye mafuta na duka la mikate, na baada ya hapo ni mawe na upepo kwa saa nyingi. Maji hesabu angalau lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ukiacha ya kuoshea vyombo.

Kuhusu aina ya gari: wengi hukodi pikapu yenye hema juu ya paa. Sisi tulikuwa na mama mkwe wangu, na magoti yake hayapandi ngazi usiku, kwa hiyo tulichukua gari lenye kitanda na jiko la gesi ndani. Sikujutia hata siku moja. Usiku wa Juni jangwani baridi hushuka hadi karibu na sifuri, na kuta za gari zilimfaa kuliko turubai. Gari la namna hiyo haliwezi mchanga mzito, lakini halihitaji kuuweza. Kutoka Sesriem hadi Sossusvlei, bonde la udongo katikati ya matuta makubwa ya mchanga, kuna lami ya kilomita 60. Zile 5 za mwisho ni mchanga mtupu, unaegesha na kupanda gari la kubebea wageni linalovuta magurudumu yote manne.

Lala kambi ya Sesriem, ndani ya geti la hifadhi. Wanaolala humo huruhusiwa kutoka saa moja kabla ya jua kuchomoza, wengine wote wanasubiri jua nje. Magari mengi yatasimama kwenye tuta liitwalo Dune 45, wewe pita moja kwa moja hadi Deadvlei, jirani na Sossusvlei. Ni sakafu ya udongo mweupe yenye migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita, baada ya matuta ya mchanga kuziba njia ya mto. Hewa ni kavu mno, hivyo miti haikuoza. Bado imesimama, myeusi, na tuta jekundu nyuma yake linaanza kuwaka juu huku chini bado kuna kivuli. Mama alikaa kwenye mchanga akatuambia tunyamaze kidogo. Ifikapo saa 4 asubuhi kumejaa watu na joto, mkarudi kambini mkapike.

Pwani ndiyo itakayomshangaza mtu wa Dar. Ukisikia bahari unafungasha kanga na ndala. Fungasha sweta. Mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, na hewa inayopita juu yake hugeuka ukungu badala ya mvua. Swakopmund hupata milimita chache tu za mvua kwa mwaka, wakati Dar tunapata zaidi ya 1,000, lakini asubuhi kioo cha gari kinachuruzika maji. Kuogelea usitegemee. Nenda kwenye maji ya kina kifupi ya Walvis Bay ukaone heroe, na ukiwa na nusu siku panda kaskazini hadi Cape Cross, ambako baharia Mreno Diogo Cão alisimamisha msalaba wa mawe karne ya 15. Leo hapo ni kwa sili, maelfu kwa maelfu. Harufu yao ni kali, jifunge kitambaa puani, lakini usiache kwenda. Makoti mazito tulinunua mitumba ya Karume kabla ya kuondoka, kwa bei ambayo Windhoek husikii.

Usiku wa Windhoek usiutumie hotelini tu. Nenda soko la Single Quarters, Katutura, ukale kapana, nyama inayochomwa na kukatwa mbele yako. Mzee mmoja alitusikia tukiongea, akamgeukia mama: "Habari za Tanganyika, mama?" Alikuwa Kongwa enzi za ukombozi, wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, walipokuwa na kambi pale Dodoma kuanzia miaka ya 1960. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusita. Alikataa tulipie nyama yetu, kisha akalipa yeye.

Mwisho ni fedha, na hapa Watanzania wengi hukwama kaunta. Kampuni nyingi hushikilia amana kwenye kadi ya mkopo, na sisi wengi tuna kadi za kawaida za benki. Waandikie kabla ya kulipa chochote, wakujibu kwa maandishi kama kadi yako itakubalika, kisha pita benki kwako uongeze kikomo cha matumizi ya siku. Soma pia kama bima inagusa matairi na kioo; mara nyingi vinahitaji malipo ya ziada, na kwa changarawe ile lipa. Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi, na randi inapokelewa kila duka, hivyo badilisha randi. Siku ya kukabidhi, osha gari, lipige picha pande zote na geji ya mafuta, uondoke na karatasi iliyosainiwa. Amana huchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo usiiweke kwenye hesabu ya nauli ya kurudi nyumbani.