Bebi shawa ya nyumbani kwa hela ndogo: maswali yenu

Haya jamani, tangu niliposema tumemfanyia mdogo wangu bebi shawa, ile shughuli ya kumpongeza mjamzito kabla hajajifungua, sebuleni bila kukodi ukumbi, meseji haziishi. Nachukua matano leo.

*Dada, nina laki moja na nusu, wageni 25, niko Ilomba, Mbeya. Itatosha kweli?*

Itatosha ukikubali kuwa ni shughuli ya chai, sio ya pilau. Waite saa tisa mchana, na kwenye meseji ya mwaliko andika kabisa "karibu chai ya saa tisa", maana ukiandika sherehe tu watu wanakuja hawajala tangu asubuhi na hapo ndo utajuta. Chai ya maziwa lita 10 inatoa vikombe 40 vya robo lita, kwa hiyo wengine wanaongezewa, weka tangawizi ya kutosha. Kitafunwa usikimbilie vya kununua: maandazi ya nyumbani, viazi vitamu, magimbi, ndizi za Tukuyu za kuchemsha, na parachichi kama ni msimu wake, nenda mwenyewe soko la Mwanjelwa au Sokomatola asubuhi uchukue kwa ndoo au kwa mkungu, ukinunua fungu fungu genge la mtaani laki yako inaisha hujaona ilipoenda. Keki oka ya sufuria, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Sisi tulijifanya wa kishua tukaagiza ya ghorofa mbili, bajaji ikaruka tuta moja tu ghorofa ya juu ikahamia kwenye boksi, tukaila na kijiko. Maputo pakiti moja inatosha, hakuna mtoto anayevaa puto.

*Nyumba kubwa yenye uwanja ni ya wakwe wa mjamzito wetu, Wanyakyusa wa Rungwe. Tufanyie huko?*

Muulize yeye kwanza, tena mkiwa wawili. Unajua kwa mila ya Kinyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani hivi hivi, wanakwepana, na zipo familia zinazoshika hilo mpaka leo. Sasa unamweka mjamzito wa miezi minane kwenye kiti cha mapambo alafu kila mzee akikohoa huko nje anataka kukimbilia jikoni, hiyo raha iko wapi? Chumba kidogo kwa dada yake ni bora kuliko uwanja wa wakwe. Na kama mama mkwe ni wa wale wasiotaka nguo za mtoto zinunuliwe kabla hajazaliwa, usibishane naye, fanyeni chai na maneno ya kumtia moyo, vitu mpeleke akishajifungua. Kwanza wakati huo ndo anavihitaji zaidi.

*Ni mwezi wa saba, Mafinga, baridi kali. Tukiwasha jiko la mkaa ndani ukumbi upate joto?*

HAPANA. Hili naomba mlisome mara mbili. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, haina rangi wala harufu, watu wanaanza kuumwa kichwa na kizunguzungu wanadhani ni uchovu, wengine wanalala na hawaamki. Kwa mjamzito ni hatari mara mbili maana sumu inamnyima hewa na mtoto tumboni. Wageni waje na masweta na vitenge vizito, fanyeni mchana jua likiwepo, mpeni mama blanketi na chai. Jiko libaki nje.

*Nawaambiaje watu zawadi ninazotaka bila kuonekana ombaomba? Mwaka jana rafiki yangu aliletewa pampasi za saizi ndogo tupu.*

Usiseme wewe, mwenye shughuli hasemi. Tafuta shoga mmoja mwenye mdomo, awapigie watu mmoja mmoja. Aanze na ile orodha mama anayopewa kliniki ya kwenda nayo kujifungua, kama glovu, pamba, mpira wa kutandika, beseni na kanga safi, maana hivyo ndo vinavyomtoa mtu jasho usiku wa uchungu. Wenye hela kidogo wachange wanne wanne wanunue taulo au shali zito, wa pampasi wagawane saizi. Kofia na soksi za sufu muhimu sana huku kwetu kwenye baridi, na za mitumba hazina shida, zifuliwe zipigwe pasi. Chupa na maziwa ya kopo waacheni, miezi 6 ya kwanza mtoto ni maziwa ya mama tu.

*Wa Iringa hapa. Ulanzi mtamu wa asubuhi bibi harusi wetu anaruhusiwa, si hauna kilevi?*

Bibi harusi tena! Ulanzi, yaani utomvu wa mianzi, unaanza kuchacha ukiwa bado kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kuukingia, hadi ufike kwenu na wageni wachelewe saa mbili kama kawaida, umeshakuwa pombe. Yeye mpeni juisi, au maziwa yaliyochemshwa vizuri. Nyie wengine mnajijua.